Je, wajua familia za askari zilipataje habari za vita kabla ya simu?

Hapa Lubumbashi, mama mwenye mtoto jeshini hulala na simu chini ya mto. Ikinyamaza siku tatu, anaanza kuulizia kwa wake za askari wa Kambi Vangu. Miaka mia iliyopita na zaidi, kwingine duniani, mama kama huyo alikuwa akingojea gazeti.

Akilipata, hakuanza na nani kashinda wapi. Alitafuta orodha: waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea, majina yamebanana kwa herufi ndogo.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), jeshi halikuwa na utaratibu wa kuiarifu kila familia. Habari ilikuja kwa barua ya askari mwenzake, ya padri wa kikosi au ya muuguzi. La sivyo, gazetini. Majina yalitumwa kwa telegrafu, orodha ikabandikwa nje ya ofisi ya gazeti, watu wakasongamana hapo. Na makosa yalikuwa mengi. Herufi moja ikibadilika, nyumba moja inalia bure na nyingine inafurahi bure. Vita vilipokwisha, Clara Barton, mama aliyewahudumia majeruhi vitani, alichapisha majina ya waliopotea, akiomba yeyote aliyewaona aandike. Kufikia 1868 ofisi yake ilikuwa imejibu barua zaidi ya 63,000 na kujua yaliyowapata watu zaidi ya 22,000. Nambari hizi zinaniuma, kwa sababu nyuma ya kila barua kulikuwa na mtu aliyekwisha kusoma orodha zote asilione jina alilotafuta.

Uingereza, katika Vita Kuu vya Kwanza, familia ya ofisa ilipata telegramu. Ya askari wa kawaida ilipata fomu kwa posta, mara nyingi baada ya kungoja sana. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme huko Ufaransa, askari wa Uingereza zaidi ya 19,000 walikufa. Mji mdogo wa Accrington ulikuwa na kikosi chake, vijana wa mtaa mmoja na kiwanda kimoja. Kati ya watu wapatao 700 walioingia vitani asubuhi ile, 584 walikufa, walijeruhiwa au walipotea. Magazeti ya kwanza yalisema mambo yanakwenda vizuri, kwani habari zilipita kwanza mikononi mwa jeshi. Uvumi ukatangulia, kile tunachokiita sisi redio trotwari, na watu wakaizunguka nyumba ya meya wakidai ukweli.

Na huku kwetu? Mwaka 1941 askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, kutoka Kongo walipigana na Waitaliano Ethiopia. Walichukua Asosa mwezi Machi, na Julai Jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwao huko Saio. Gazeti kubwa la Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa, lilikuwa L'Essor du Congo, lililoanza 1928, la Kifaransa. Ngonga, gazeti lililoanzishwa hapa mwaka 1934 kwa ajili ya wasomaji Wakongo, halikudumu hata miaka miwili. Basi mke wa askari asiyejua Kifaransa alihitaji karani au mwalimu wa kumsomea. Hata akishasomewa kwamba Saio imeanguka, swali lake lilibaki palepale: mume wangu yu hai? Jibu alilingoja kwa askari wa kwanza aliyerudi kambini.