Taji la miiba si kaktasi

Kile kichaka kifupi cha miiba na maua mekundu, kinachopandwa sana kwenye vyungu barazani, wengi hukiita kaktasi. Sicho. Ni taji la miiba, asili yake Madagaska, ndugu wa mnyaa. Chuma jani moja uone: utomvu mweupe kama maziwa unachuruzika papo hapo, ilhali kaktasi nyingi hutoa majimaji tu. Tafadhali usijipanguse macho baada ya kuushika. Unawasha vibaya sana. Hata zile petali mbili nyekundu si petali, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vidoa vya njano katikati. Ukitaka kuotesha, kata tawi, lioshe utomvu, kisha liache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke. Ukilichomeka likiwa bichi, huoza kwa urahisi.