Je, wajua kwa nini ni vigumu kupaka waya za kunyoosha meno kinga ya kuua bakteria?

Chuma hakiozi. Kinachooza ni jino lililo pembeni mwa chuma, hasa ule ukanda mwembamba kati ya breketi na ufizi. Yeyote anayeambiwa kwamba kuna waya za meno "zinazoua vijidudu" aanzie hapo.

Breketi ni kile kipande kidogo kinachogandishwa usoni mwa jino, chenye mfereji wa kupitishia waya. Kona zake, vimpira vinavyoishikilia waya na mabaki ya gundi kandokando yake hushika ukoga mahali ambapo mswaki haufiki vizuri. Ndani ya ukoga huo huishi bakteria kama Streptococcus mutans, ambao hula sukari na kutoa asidi. Kiwango cha pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, kikienda chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, yaani gamba gumu la nje la jino. Kwa kawaida mate husawazisha hali baada ya nusu saa hadi saa moja. Penye waya huchukua muda zaidi, kwa kuwa chakula kimenasa na mate hayapiti kwa urahisi. Basi anayekunywa chai ya maziwa yenye sukari saa nne, akala mandazi saa tano, akashushia soda saa saba, meno yake hayapati nafasi ya kupona. Madoa meupe ya chokaa yanaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu, na matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuvika breketi na waya kinga. Inayotajwa sana ni ya chembe ndogo mno za fedha, madini yale yale ya vito. Fedha hutoa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazong'ang'ania protini za bakteria na kutoboa utando wake. Nyingine ni titani dioksidi, ambayo ikimulikwa huzalisha kemikali kali zinazounguza vijidudu. Tatizo ni kwamba titani ya kawaida huhitaji mwanga wa urujuanimno, na mdomo uliofumbwa una giza. Watafiti huichanganya na naitrojeni ili iitikie mwanga wa kawaida, lakini mwanga wenyewe bado lazima uingie. Njia ya tatu haiui chochote: breketi huvikwa tabaka telezi, la aina ya plastiki inayopakwa kwenye sufuria zisizoshika chakula, ili bakteria wakose pa kujishikiza.

Kwenye sahani ya maabara kinga hizi hufanya kazi vizuri. Mdomoni kuna mambo manne yanayozipunguzia nguvu.

La kwanza ni mate. Dakika chache baada ya breketi kuwekwa, protini za mate huifunika kwa utando mwembamba. Kinga inayoua kwa kugusa tu huwa imefunikwa, na bakteria hutua juu ya utando huo badala ya kutua kwenye kinga. Ioni za fedha nazo hukamatwa na kloridi na protini zilizomo matemate kabla hazijafika mbali.

La pili ni msuguano. Mfereji wa breketi una upana wa milimita 0.46 au 0.56, na waya hupaswa kuteleza humo ili jino lisogee. Tabaka likiwa nene au la kukwaruza, jino husogea polepole. Likiwa jembamba mno, waya na mswaki hulikwangua. Sehemu inayokwanguka mapema ndiyo ile ile inayosuguliwa kila siku.

La tatu ni muda. Kinga inayotoa dawa humwaga nyingi siku za mwanzo, kisha hupungua kwa kasi. Ukilinganisha na miezi 18 au 24 ya matibabu, hapo ndipo matangazo mengi huishiwa na majibu. Kuongeza dawa si suluhisho rahisi, kwa sababu fedha ikizidi hudhuru pia chembe hai za ufizi.

La nne ndilo zito zaidi: breketi iliyovikwa kinga hulinda uso wa breketi. Jino liko pembeni.

Kwa hiyo mahali penye mantiki zaidi pa kuweka dawa ni kwenye gundi, kwani ndiyo inayogusa enameli na ndiyo inayobaki kingoni. Kuna gundi zenye molekuli za kuua bakteria ziitwazo MDPB, zinazofungwa ndani ya rezini, yaani plastiki ya gundi yenyewe, inapogandishwa, hivyo hazivuji wala haziishi, ingawa utando wa mate bado huzifunika. Fedha ndani ya gundi ni kazi ngumu kuliko hiyo: hubadilisha rangi, huzuia mwanga wa bluu unaogandisha rezini, na ikizidi gundi hudhoofika na breketi kung'oka. Saruji ya glasi ayonoma, aina nyingine ya gundi ya meno, hutoa floraidi na huweza kujazwa tena na dawa ya meno ya kila siku, lakini ile ya asili hushika kwa nguvu ndogo kuliko rezini.

Kwa wakazi wa Nakuru, Kenya, jambo hili la gundi lina uzito wake. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu vichujio vya mkaa wa mifupa hutumika huko. Anayekulia kwenye maji hayo huota meno yenye mabaka. Kabla ya kubandika breketi, daktari hupaka asidi ya fosforiki ya takriban asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30 ili kuikwaruza enameli. Enameli iliyojaa floraidi huipinga asidi hiyo, gundi haishiki vyema, na breketi huanguka. Dawa yake ni kuongeza muda wa asidi au kusugua kidogo tabaka la juu kwanza. Kisumu, kwa anayetumia maji ya Ziwa Victoria, tatizo hili ni dogo zaidi.

Ukiwa na waya tayari, fanya hivi. Elekeza mswaki kwa mshazari juu ya breketi, kisha chini yake, ukimalizia na kibrashi chembamba kinachopita chini ya waya. Tumia dawa ya meno yenye floraidi ya takriban 1450 ppm (sehemu kwa milioni), uteme povu bila kusukutua kwa maji. Muulize daktari kuhusu vanishi (dawa ya kupaka menoni) ya sodiamu floraidi ya asilimia 5 kila miezi michache. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu ya kusukutua, husaidia kwa muda mfupi ufizi ukivimba, lakini ikitumiwa mfululizo hutia meno rangi ya kahawia. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwanza, na miwa iache kabisa: huvunja breketi na kuacha sukari papo hapo.

Ukiuzwa breketi za kuua bakteria kwa bei ya juu, uliza kinga iko kwenye chuma au kwenye gundi, na imepimwa ndani ya vinywa vya watu kwa miezi mingapi. Halafu, hasa kama ulikulia Nakuru, hakikisha meno yamepigwa picha kabla ya breketi ya kwanza kubandikwa. Mabaka ya floraidi huwa pande zote mbili za mdomo na yalikuwepo tangu meno yalipoota. Doa jipya la asidi hufuata ukingo wa breketi. Bila picha ya mwanzo, miaka miwili baadaye ni vigumu kuyatenganisha, na tiba zake si moja.