Pen-y-Gwryd, baa ya familia chini ya Snowdon

Pale njia panda kaskazini mwa Wales, barabara ya Capel Curig inapokutana na ile ya Beddgelert, ndo ilipo Pen-y-Gwryd, baa yenye vyumba vya wageni, na watu wengi wanaipita tu wakiwahi mlima Snowdon (mita 1,085, kwa mtu wa Moshi hicho ni kilima). Mimi nafuatilia historia ya wapanda milima na kwangu hiyo nyumba ina stori kuliko kilele chenyewe.

Zamani ilikuwa nyumba ya mkulima, halafu 1847 akaichukua Harry Owen, huyu ndo aliyeipa umaarufu, maana hakuwa mtu wa kuuza bia tu, wageni alikuwa anawapandisha mlimani mwenyewe na mkewe Ann anabaki na jiko na vyumba. Owen akafariki 1891, mambo yakadorora, wapanda milima wakahamia Pen-y-Pass, nyumba nyingine ya wageni hapo juu kidogo, ambako mpanda milima Geoffrey Winthrop Young alikuwa anakusanya marafiki zake kila Pasaka. Maoni yangu, mteja wa mlimani hafuati bia, bia ipo kila mahali, anamfuata mtu anayeujua mlima.

Ndo maana ikafufuka 1947, alipoinunua Chris Briggs na mkewe. Mtu akianguka huko juu simu inapigwa hapo baa, Briggs anaacha kaunta anatoka na wageni wenye nguvu, usiku, mvua, ukungu, vyovyote vile, kwa sababu timu za uokoaji kama za siku hizi zilikuwa bado kabisa. Sasa jamaa wa namna hiyo ndo unaenda kulala kwake ukijiandaa na safari kubwa, na John Hunt, kiongozi wa msafara wa kwanza kufika kilele cha Everest, alifanya hivyo hivyo, aliwaleta watu wake wafanye mazoezi na kujaribu mitungi ya oksijeni kabla ya safari hiyo ya 1953. Baadaye wakawa wanarudi kukumbushana. Sahihi zao ziko kwenye dari, Hillary na Tenzing, wale wawili waliofika kileleni, wote wapo, kwa hiyo ukiingia angalia juu kwanza kabla hujaagiza kitu.

Baada ya Briggs akapokea binti yake na mumewe, halafu wajukuu. Mambo ya kizamani hawakuyafuta, chakula cha usiku kinapigiwa gongo na wote mnakaa mezani kwa wakati mmoja. Binafsi gongo linanikera, ila ukitaka kujua njia gani ina barafu kesho, utaambiwa hapo hapo mezani.