Mtaguso haukubadili lugha ya Misa tu

Waulize wazee wa parokia, kuanzia Ndanda hadi Nyangao huku kusini mwa Tanzania, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulileta nini. Wengi watajibu: Misa kwa Kiswahili badala ya Kilatini, na padre kuwageukia waumini. Ni kweli, ila hiyo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomgusa zaidi mkulima anayesubiri malipo ya korosho zake.

Mwezi mmoja kabla ya Mtaguso, Papa Yohane XXIII alisema redioni kwamba Kanisa ni la wote, na hasa ni Kanisa la maskini. Kisha tarehe 16 Novemba 1965 maaskofu wapatao 40 walikutana katika makatakombe (makaburi ya kale ya chini ya ardhi) ya Domitila, Roma, wakaahidi kuishi kama watu wao: nyumba, chakula na usafiri wa kawaida, bila dhahabu wala vyeo vya kutukuzwa. Kwangu mimi, ahadi hiyo ni mageuzi mazito kuliko kugeuza altare.

Wapo pia wanaodhani mafundisho haya ya kuwajali maskini yalianza na Papa Fransisko mwaka 2013. Yeye aliyakumbusha. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki tangu 1891, na hapa kwetu watawa Wabenediktini wa Ndanda walikuwa wakitibu wagonjwa miaka mingi kabla ya Mtaguso.