Puti Haitibu Kutu

Mwezi wa saba mzee mmoja mstaafu alileta gereji kwangu, hapa Kizota, Land Cruiser 40 ya mwaka 1981, gari aliloachiwa na marehemu kaka yake kule Kondoa. Hata injini hajazima, akaniambia: "Fundi, kuna vipele viwili vitatu kule nyuma, juu ya gurudumu. Wewe saga, weka puti, piga rangi. Kazi ya siku mbili hiyo." Puti ni lile tope la kusawazishia bodi kabla ya rangi. Nimenyoosha bodi Dodoma miaka 22. Maneno hayo nimeyasikia kwa wenye Peugeot 504, kwa wenye Datsun, kwa wenye Corolla za zamani, na linaloniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu wenye vijana wanaojifunza chini yao. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo nayaandika.

Watu wanadhani kutu ni uchafu uliokaa juu ya bati, kama masizi kwenye sufuria: ukisugua umeondoka, ukifunika umekwisha. Sivyo. Kutu ni bati lenyewe lililogeuka. Chuma kikipata maji na hewa kinabadilika kuwa kitu kingine, chepesi kumeguka, chenye vitundu vidogo, kinachovimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa sababu ya vitundu vile, kutu haikingi chuma kilichobaki chini yake. Inafyonza unyevu na kuupeleka ndani zaidi. Na kwa sababu ya kuvimba kule, rangi inafura. Hicho ndicho unachokiita kipele.

Kipele ukikiona nje, mara nyingi safari yake ilianzia ndani. Pindo la chini la mlango, kizingiti, ukingo wa fenda juu ya gurudumu: zote ni sehemu ambazo mabati mawili yamekutana na kukunjwa pamoja. Kwenye magari ya miaka ile, kinga ya kiwandani ndani ya makunjo hayo ilikuwa haba. Vumbi linaingia, maji yanaingia, vinakaa humo vikiwa tope. Bati linaliwa kutoka nyuma kuja mbele, na rangi ya nje ndiyo ya mwisho kupata habari.

Sikumbishia mzee. Nilichukua sumaku yangu, ndogo, niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaifunga kitambaa isikwaruze, nikaipitisha kwenye fenda kuanzia juu. Juu ilishika. Katikati ilishika. Ilipofika kama shubiri moja kutoka ukingo wa gurudumu, ikaanguka mchangani. Nikaiokota, nikarudia mbele yake, ikaanguka tena palepale. Nikamwomba ruhusa, nikaingiza ncha ya bisibisi bila hata kutumia nguvu, na kipande cha puti chenye ukubwa wa kiganja kikabanduka. Nilikipima unene kwa venia, kile kipimo cha milimita cha mafundi: milimita 11. Upande wa rangi kilikuwa laini kama sahani. Upande wa nyuma kilikuwa cha kahawia, na kilikuwa na unyevu. Mvua Dodoma ilikuwa imekatika tangu Aprili. Unyevu ule ulitokana na kuoshwa gari kila Jumamosi. Nyuma ya puti kulikuwa na wavu wa banda la kuku, na nyuma ya wavu hapakuwa na bati kabisa, nikaona tairi.

Mzee alikishika kile kipande, akakigeuza, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, hii niliilipia mwenyewe. Haijamaliza miaka miwili."

Ndiyo hasira yangu ilipo. Puti tunayoitumia ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga laini wa mawe. Inafyonza maji. Haikutengenezwa kuziba tundu wala kubeba umbo la gari. Kazi yake ni kusawazisha mikwaruzo na mabonde madogo yanayobaki baada ya bati kunyooshwa kwa nyundo na dole, kile kipande cha chuma kinachoshikiliwa nyuma ya bati. Mimi siruhusu izidi milimita 3 baada ya msasa. Inataka bati zima, kavu, lililokwanguliwa, au iwekwe juu ya praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati. Ukiiweka juu ya kutu imeshika kutu, na kutu yenyewe haijashika chochote. Nyuma pako wazi, maji yanaendelea kuingia, bati linaendelea kuvimba, na puti inasukumwa nje. Msimu mmoja wa mvua ukipita, vipele vimerudi vikiwa vikubwa zaidi, na bati ambalo jana ungeweza kuliokoa, leo huwezi. Halafu wapo wanaoongeza hadina, ile dawa ya kukaushia puti, ili ikauke haraka wapate gari jingine. Kipimo cha hadina ni kama asilimia 2 ya uzito wa puti. Ikizidi, rangi itatoka madoa juu yake hata ukirudia mara tatu.

Kazi yenyewe inavyotakiwa ni hivi. Kwangua rangi mpaka uone chuma king'aacho pande zote za kidonda. Gonga kwa nyuma ya bisibisi huku unasikiliza. Bati zima linalia, bati lililoliwa linatoa sauti ya kadibodi. Weka alama pale sauti inapokuwa safi, kisha nenda mbele sentimita 3 zaidi, ndipo ukate. Wengi wanakata pale tundu linapoishia, kwa sababu wanaona huruma kukata, wanaishia kuchomelea kwenye bati jembamba kama karatasi linalotoboka kila likiguswa. Kata mpaka huruma iishe. Pima kwa kipande cha boksi, kata bati jeusi geji 18 au 20 kulingana na lililokuwepo, likunje lifuate umbo, na ulikalishe ukingo kwa ukingo. Usililaze juu ya la zamani. Ukililaza umetengeneza mfuko mpya wa kuweka maji.

Kuchomelea, tumia mashine ya waya yenye gesi, waya wa milimita 0.6 au 0.8. Ile ya vijiti tunayochomelea mageti inatoboa bati la gari. Usivute mstari mmoja mrefu hata siku moja. Weka nukta, ruka sentimita 3, weka nyingine, hamia upande wa pili, subiri mkono uweze kukaa juu ya bati, ndipo urudi kujaza. Bati likipata moto mwingi kwa pamoja linajikunja, na ukishalikunja utalazimika kulificha kwa puti, tumerudi kulekule. Kabla ya yote hayo toa betri, toa tangi la mafuta kama liko karibu, toa mazulia, na weka ndoo ya maji pembeni. Ukimaliza, epoksi pande zote mbili, nje na ndani, kisha maungio yazibwe kwa dawa ya maungio ya bodi. Puti kidogo, praima, rangi. Mwisho kabisa, nta ya kupuliza ndani ya mlango na kizingiti. Hatua hii ya mwisho wateja hawapendi kuilipia kwa sababu haionekani, na mimi siikabidhi gari bila hiyo.

Nirudi kwa maneno mengine ninayoambiwa, maana hayaishi.

"Dodoma ni kavu, huku gari halili kutu." Nusu yake ni kweli. Mvua zetu ni chache, za msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, na bati lililo wazi juani hukauka upesi kuliko la Tanga au Dar es Salaam. Lakini tuna vumbi, na vumbi ndilo linaloziba vile vitundu vya chini ya mlango vilivyowekwa kiwandani ili maji yatoke. Mvua ya kwanza ikinyesha, mlango unageuka bakuli. Pia maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, kila mtu aliyechemsha chai kwa maji ya kisima hapa mjini anajua ukoko unaobaki kwenye birika, na ndiyo hayohayo watu wanaoshea magari. Chumvi inaharakisha kutu. Na gari la zamani mara nyingi halikuzaliwa Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 napokea magari mengi yaliyokaa pwani miaka na miaka. Yanafika na kutu yake tayari, ukavu wetu hauwezi kuirudisha nyuma.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nizeeke: kila mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, chukua spoku ya baiskeli, lala chini ya gari, zibua kila kitundu cha chini ya milango na vizingiti. Tope kavu litamwagika. Kisha mimina maji safi kidogo kwa juu, uone yanatoka. Nusu saa tu. Ningekuwa na uwezo ningempa kila mwenye gari la zamani spoku yake.

"Kuna dawa inayobadilisha kutu kuwa chuma." Hakuna. Dawa zile nyingi zina asidi ya fosfori au asidi ya tanini. Zinageuza kutu nyembamba ya juu kuwa tabaka gumu zaidi, la kijivu au jeusi, linaloweza kupakwa rangi. Kwenye kutu ya juujuu baada ya kukwangua kwa brashi ya waya, zinasaidia, nazitumia. Kwenye kutu yenye magamba hazifiki chini. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Na ukitumia ya asidi ya fosfori, fuata maelezo ya kopo, safisha mabaki na ukaushe kabla ya epoksi, la sivyo epoksi itabanduka. Habari ya kwamba soda ya kola inaondoa kutu nayo ni hivyohivyo: ina asidi hiyohiyo kidogo sana, itasafisha boliti ukiiloweka usiku kucha, haitaponya fenda.

"Paka oili chafu chini, kutu haitakuja." Oili iliyokwisha kutumika inakamata vumbi letu, inalainisha mipira ya shasi, yaani fremu ya chini ya gari, inadondoka ardhini tunapochota maji, na siku ukitaka kuchomelea hapo inawaka. Mimi nikikuta gari limepakwa, natumia siku nzima kuosha kabla sijashika mashine, na siku hiyo nailipisha.

"Bati la kuezekea linatosha kwa kiraka." Halitoshi. Geji 28 au 30 ni jembamba mno, chini ya nusu ya bati la bodi, na lina zinki. Ukilichomelea, zinki inatoa moshi mweupe. Kijana wangu mmoja aliuvuta gereji ya mtu mwingine kabla hajaja kwangu, usiku akatetemeka kwa homa wakadhani ni malaria.

"Land Rover hailiwi." Bodi ya Land Rover za zamani ni aluminiamu, tangu ya kwanza ya mwaka 1948, kwa kuwa Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha kugawiwa. Lakini shasi ni chuma. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe, ukipuliza unapeperuka. Ukifungua maungio hayo, tenganisha metali hizo mbili kwa epoksi na mpira kabla ya kurudishia. Watu wananiletea mia na tisa, ile Land Rover 109 ya zamani, yenye milango mizuri na shasi inayomeguka kwa vidole.

Kijana mmoja anayetaka kuagiza Ford Mustang ya mwaka 1967 kutoka Marekani aliniuliza kama hayo yanahusu gari la namna ile. Yanahusu. Zile zina ugonjwa wake unaojulikana: mfereji wa hewa chini ya kioo cha mbele unaliwa kwa ndani, mahali usipopaona, na maji yanadondokea miguuni. Nilimwambia, kabla hajalipa hata senti, amwombe aliyeko kule amimine maji kwenye matundu ya chini ya kioo, kisha apapase zulia la mbele.

Land Cruiser ya mzee iko gereji wiki ya tano sasa. Tulikata fenda ya kushoto mpaka sentimita 20 juu ya ukingo, na kizingiti chote. Paa lake ni la faiba, halikuwa na neno, ila mfereji wa bati unaolizunguka ulikuwa umeoza pembe mbili. Mzee anakuja kila Jumamosi na mjukuu wake, anakaa kwenye kigoda, anaangalia. Jumamosi iliyopita yeye mwenyewe alichukua sumaku yangu, akamfundisha mtoto namna ya kuipitisha taratibu kuanzia juu kushuka chini. Kwenye fenda ya kushoto ilishika mpaka ukingoni. Ya kulia tunaanza kuikata Jumatatu.