Wasamaria ni watu gani?

Anayemwokota majeruhi barabarani na kumkimbiza hospitali huitwa msamaria mwema, na wengi wetu tunalijua jina hilo kwa matumizi hayo tu. Hata hivyo Wasamaria ni jamii halisi yenye mlima wake mtakatifu, makuhani wake na Torati yake, nayo ipo mpaka leo. Asiyeijua historia yao husoma mfano wa Yesu katika Luka 10 akapitwa na ukali wake wote.

Jina linatokana na Samaria, mji ambao Omri, mfalme wa Israeli, aliujenga katika karne ya 9 KK juu ya kilima alichokinunua kwa talanta mbili za fedha. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, uliojitenga na Yuda baada ya kufa Sulemani. Mnamo mwaka 722 KK Waashuru waliuteka baada ya kuuzingira kwa miaka mitatu, na mfalme wao Sargoni wa Pili alijigamba katika maandishi yake kwamba alihamisha watu 27,290. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 17, kinaeleza kwamba mahali pao waliletwa watu wa Babeli, Kutha na kwingineko, waliomcha Bwana huku wakiitumikia miungu yao wenyewe.

Kwa kuyashika masimulizi hayo, Wayahudi wengi waliwahesabu Wasamaria kuwa wageni waliojipachika katika imani ya Israeli. Wenyewe hulikana jambo hilo katakata: husema wao ni wazao wa Yosefu kupitia wanawe Efraimu na Manase, na makuhani wao ni wa kabila la Lawi. Kwa maoni yangu dai lao lina uzito, kwa sababu Biblia yenyewe, katika Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 30, inamwonyesha Hezekia, mfalme wa Yuda, akiwatumia watu wa makabila ya Efraimu na Manase barua za kuwaalika kwenye Pasaka, akiwataja kuwa mabaki waliookoka mikononi mwa wafalme wa Ashuru. Waisraeli wa kaskazini, basi, hawakuhamishwa wote.

Kiini cha ugomvi kilikuwa mahali pa kuabudia. Wasamaria hukubali vitabu vitano vya Musa tu, na hushika kwamba Mungu alichagua mlima Gerizimu, ulio juu ya Shekemu, mji uitwao leo Nablus, wala si Yerusalemu. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika Kumbukumbu la Torati 27:4: nakala ya Kiyahudi, ambayo Biblia zetu huifuata, inaagiza mawe ya sheria yasimamishwe juu ya mlima Ebali, ilhali nakala ya Kisamaria inasema Gerizimu. Uchimbaji wa mambo ya kale umeonyesha kwamba huko Gerizimu palikuwa na hekalu tangu karne ya 5 KK. Lilibomolewa na Yohana Hirkano, kuhani mkuu na mtawala wa Wayahudi, mwishoni mwa karne ya 2 KK, na jeraha hilo halikupona. Mwanahistoria Josephus anasimulia kwamba miaka michache baada ya Kristo kuzaliwa, Wasamaria waliingia usiku katika Hekalu la Yerusalemu wakati wa Pasaka na kutawanya humo mifupa ya wafu ili kulitia unajisi.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Yesu. Katika Luka 9 kijiji cha Wasamaria kinamkatalia malazi kwa kuwa anaelekea Yerusalemu, na wanafunzi wake Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize. Sura inayofuata ndiyo yenye mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani na Mlawi waliopita kando walikuwa watumishi wa Hekalu la Yerusalemu. Aliyesimama ni mtu wa kundi lililobomolewa hekalu lake. Zaidi ya hayo, amri ya kumpenda jirani, aliyoitaja mwanasheria ambaye Yesu alimjibu kwa mfano huo, imo katika Walawi 19, kitabu ambacho Msamaria naye alikishika. Alitenda, basi, kwa Torati ileile ambayo wale wawili waliisoma.

Leo Wasamaria hawafiki elfu moja, baada ya kupungua hadi chini ya mia mbili mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine wanaishi Kiryat Luza, juu ya Gerizimu, na wengine Holon, karibu na Tel Aviv. Kila mwaka hukusanyika mlimani kwa Pasaka, wengi wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Kondoo huchinjwa jua linapotua, huchomekwa wazima kwenye miti mirefu na kuokwa katika mashimo ya moto yaliyofunikwa, kisha nyama huliwa usiku uleule pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, na masazo yote huteketezwa kama Kutoka 12 inavyoagiza.