Huyo wa saba mlimwona wapi?

Kazi yangu ni kuhesabu tembo porini kwa ndege. Wiki iliyopita, tukiwa msibani, mjomba alinivuta pembeni. "Eti mlisema kwenye Pori la Akiba la Selous, kule kusini mwa Tanzania, kulikuwa na tembo 15,217. Huyo wa saba wa mwishoni mlimwona wapi?" Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka kwa adabu maana ni mjomba. Lakini swali hilo nimeshaulizwa na dereva, na mwandishi wa habari, na mheshimiwa mmoja kwenye semina. Kila anayeuliza ameshaamua: ama tuliwahesabu mmoja mmoja kama mbuzi wanaorudi zizini, ama tumekaa ofisini tukatunga. Basi naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo.

Hatuhesabu tembo wote. Ndege ndogo, mara nyingi Cessna, inaruka mistari iliyonyooka futi 350 kutoka ardhini. Kwenye nguzo za mabawa zimefungwa fito mbili kila upande. Tembo akionekana kati ya fito anahesabiwa. Akiwa nje ya fito, hata akupungie mkonga, si wako. Kinachoonekana kati ya fito ni ukanda wa kama mita 150 kila upande. Anayekaa mbele anasoma altimita ya rada, yaani kipimo cha urefu wa ndege kutoka ardhini, muda wote, maana ndege ikipanda kidogo ukanda unapanuka na hesabu inaharibika. Nyuma tunakaa wawili, kila mtu na dirisha lake, shingo imepinda kwa saa kadhaa, mfuko wa kutapikia uko mapajani. Nilipoingia kazi hii nilidhani nitashinda na simba. Kumbe ujuzi wa kwanza ni kutapika bila kuondoa macho dirishani.

Sasa hesabu. Mistari ikiachana kilomita 5 na ukanda ukiwa mita 300 kwa pande zote mbili, tumeona asilimia 6 tu ya eneo. Kila tembo tuliyemwona anawakilisha kama 17. Nikipiga chafya tembo mmoja akapita, ripoti imepoteza 17. Kwa hiyo huyo wa saba, mjomba, hakuna aliyemwona. Katoka kwenye kuzidisha.

Na hapa kosa ni letu. Kusema "kama elfu kumi na tano" kungekuwa ukweli zaidi, lakini jedwali linapenda tarakimu zote, nasi tunaziacha zikae. Sensa kubwa ya tembo wa savana barani Afrika, iliyotoa matokeo mwaka 2016, ilitaja tembo 352,271. Huyo mmoja wa mwisho huwa namhurumia, kabebeshwa heshima ya takwimu za bara zima.

Lakini tarakimu ya mwisho hainikeri sana. Kinachonikeri ni kile kinachokatwa. Kila makadirio yanakuja na kosa sanifu lake, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kupishana na ukweli, limeandikwa pale pale pembeni. Mfano wa kubuni: makadirio 10,000, kosa sanifu 1,000. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, tembo wako kati ya 8,000 na 12,000. Ripoti ikitoka kwetu ina vyote viwili. Ikipita kwenye muhtasari, kosa sanifu linaanguka njiani. Ikifika gazetini imebaki namba moja, imesimama kama matokeo ya mpira.

Ndiyo maana watu walishangilia Selous. Mwaka 2013 makadirio yalikuwa tembo 13,084, mwaka 2014 yakawa 15,217. "Tembo waongezeka!" Jamani. Hiyo ni asilimia 16 kwa mwaka mmoja. Tembo hubeba mimba miezi 22. Kundi lenye afya njema likiongezeka asilimia 7 kwa mwaka limejitahidi kweli kweli. Namba hizo mbili zilikuwa zinasema kitu kimoja kwa sauti mbili: hatukuona mabadiliko. Kwa wakati ule wa ujangili mkali hiyo ilikuwa habari njema, ila haina kichwa cha habari.

Anayetaka kuruka kutoka hapo akasema basi sensa ni kubahatisha, asubiri. Selous hiyo hiyo mwaka 1976 ilikadiriwa kuwa na tembo 109,419, na mwaka 2009 tembo 38,975, kabla ya kushuka hadi 13,084 ndani ya miaka minne. Weka kosa sanifu unalotaka, anguko hilo halifichiki. Chombo chetu ni butu kwa mabadiliko madogo, lakini ujangili ule kiliuona.

Sasa niseme ambalo kwenye semina tunalipitia haraka. Ruaha–Rungwa, eneo jingine kubwa la tembo Tanzania: mwaka 2013 makadirio 20,090. Mwaka 2014, 8,272. Ikarudiwa mwaka 2015, ikatoka 15,836. Tembo karibu 12,000 hawafi kwa mwaka mmoja bila pori kujaa mizoga, na waliobaki hawazai hivyo. Basi walikuwa wapi? Kiangazi tembo hujazana kandokando ya maji. Makundi makubwa yakiangukia katikati ya mistari miwili, ndege inapita patupu. Wengine huenda walitoka nje ya eneo lililohesabiwa. Na macho ya waangalizi yanatofautiana: tembo aliyetoka kugaagaa kwenye udongo mwekundu, saa nne asubuhi, jua likikupiga usoni, ni kichuguu. Nimewahi kurekodi vichuguu vitatu kama tembo, kikapatikana hata cha nne kidogo nikakiita mtoto. Picha ndiyo iliyoniumbua. Maelezo yote matatu yana mantiki. Hakuna hata moja ninaloweza kulisimamia peke yake.

Haya yote nilimweleza mjomba, na mkono nikautumia kuchora mistari kwenye vumbi. Alisikiliza vizuri. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo ukibanwa kabisa, unasema kati ya hapa na hapa?"

Nikamwambia ndiyo, Mjomba, hivyo hasa.

"Dalali aliyeniuzia kiwanja alisema hivyo hivyo," akasema, akarudi kukaa na wazee wenzake.